Windows 10 imeisha muda ila laptopu yako haijaisha: namna ya kuchagua mfumo endeshi mwingine

Tangu ipite Oktoba 14, 2025, ile siku Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10, swali ninaloulizwa kibandani kwangu ni lilelile, mtu anaingia na laptopu kwapani anasema fundi hii kitu kila nikiwasha inaniletea ujumbe eti haifai kwa Windows 11, sasa ninunue nyingine? Naigeuza nasoma stika, naiwasha naangalia ndani, nakuta i5 ya kizazi cha tano, RAM 8, SSD (diski isiyozunguka) ya 256. Mashine nzima kabisa. Inachaji, kioo hakina hata mkwaruzo, kibodi haijakufa hata herufi moja. Shida ni kwamba Windows 11 inataka chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0 na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, na ile mitumba tunayouziwa sana Kariakoo, EliteBook 840 kuanzia G1 mpaka G4, ThinkPad T440 na T450, Latitude E7450, yote iko chini ya hapo.

Kujua yako iko wapi ni rahisi, soma namba ya prosesa. Ikiandikwa i5-5300U hiyo tano ya kwanza baada ya kistari ndo kizazi, i5-6200U ni cha sita, i5-8250U ni cha nane na hiyo inapita. Ukikuta tarakimu tano, mfano i5-10210U, hapo unasoma mbili za mwanzo, kizazi cha kumi.

Sasa we mwenye kizazi cha saba kushuka una njia kama nne. Unaweza ukabaki na Windows 10, na Microsoft wameongeza mwaka mmoja wa apdeti za usalama kwa watu binafsi mpaka Oktoba 2026 ukijiandikisha, kwaiyo hujachelewa kufikiria. Unaweza ukailazimisha Windows 11 kwa kuruka yale masharti, programu inaitwa Rufus inafanya hiyo kazi na mafundi wengi wanafanya, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo hawakuhakikishii apdeti, sasa mi sipendi kumkabidhi mteja kitu ambacho mwezi wa sita kitanirudia. Unaweza ukanunua nyingine kama hela ipo. Au unaweka mfumo mwingine, na hapa kwa asilimia kubwa tunaongelea Linux.

Kabla sijaenda mbali, hiyo Windows uliyonayo ukiiangalia vizuri kuna uwezekano mkubwa ni ya kukraki, mtu alikuwekea activator, yaani programu ya kuiwasha bila leseni, na akakuambia uzime antivairasi kwanza ili ifanye kazi. Hapo alikuwa anaifungulia mlango programu asiyoijua imetoka wapi, na we unaingia benki kwa mashine hiyohiyo. Linux haina hiyo habari ya activator kwa sababu ni ya bure tangu mwanzo, Linus Torvalds alivyoianza kule Helsinki mwaka 1991 akiwa mwanafunzi aliiachia watu waitumie na waibadilishe, na mpaka leo iko hivo. Ukisikia mtu anakuuzia DVD ya Ubuntu, unalipia DVD na usumbufu wake, sio Ubuntu.

Anza na kazi zako, distro baadaye

Watu wengi wanachemka hapa. Wanafungua YouTube wanaandika Linux nzuri ni ipi, wanakutana na jamaa kumi kila mmoja na yake, wanadanlodi tatu, bando linaisha, wanachoka wanarudi walikotoka. Distro, yaani toleo la Linux lililofungashwa na kundi fulani likiwa na muonekano wake na programu zake, ziko mamia. Ukianzia huko utazama. We chukua karatasi, andika wiki nzima unafanya nini kwenye hiyo kompyuta, hata kama ni aibu. Kuangalia muvi andika. Kuprinti andika. Kuingia kwenye portali ya chuo andika.

Nakuambia hivi kwa sababu mi mwenyewe nilishawahi kumuumiza mtu. Kulikuwa na mama mmoja ana steshenari karibu na shule, kompyuta yake ilikuwa imejaa vairasi za flashi za wanafunzi, kila wiki naenda kusafisha. Nikajiona mjanja, nikamwambia mama mi nakuwekea kitu ambacho hizi vairasi hutaziona tena, nikamfutia Windows nikaweka Linux siku ya Jumapili, muonekano safi, inawaka fasta, kafurahi. Jumatatu saa mbili asubuhi simu. Njoo. Nafika nakuta foleni ya watu kama sita mlangoni, printa yake ndogo ya laser inaonekana kwenye orodha ila haitoi karatasi, na kijana mmoja kaja na CV yake kwenye flashi, ikifunguliwa ule mstari wa mwisho umeshuka ukurasa wa pili peke yake. Mama hakunigombeza, aliniangalia tu akasema, mwanangu, we uliniuliza vairasi, hukuniuliza printa. Nilirudisha Windows mchana uleule bila kumchaji, na tangu hapo simwekei mtu chochote kabla hajaniandikia ile karatasi.

Sasa karatasi yako ukishaiandika, gawa mafungu. Fungu la kwanza ni vitu vya kwenye brauza, na utashangaa ni vingi, barua pepe, WhatsApp ya kompyuta, YouTube, maombi ya mkopo wa HESLB, Ajira Portal, mifumo ya serikali karibu yote, mikutano ya Zoom na Google Meet. Hivi havikusumbui popote, Firefox na Chrome zipo kwenye Linux vilevile. Fungu la pili ni vitu vyenye mbadala, Word na Excel kwa LibreOffice, kuangalia muvi kwa VLC ambayo ni ileile, kuhariri picha kwa GIMP au Photopea ya kwenye brauza, video kwa Kdenlive au Shotcut, na DaVinci Resolve yenyewe wana toleo la Linux ingawa inataka kadi ya picha yenye nguvu.

Fungu la tatu ndo la kulitazama kwa macho mawili. Photoshop na Premiere za kuinstoli, AutoCAD, QuickBooks ile ya desktop, TallyPrime, Microsoft Office kamili ya kuinstoli, na magemu yenye ulinzi mkali wa kuzuia udanganyifu kama Valorant, hivi havina toleo la Linux. Kuna kitu kinaitwa Wine kinachojaribu kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, na kwa magemu Valve wametengeneza Proton ndani ya Steam tangu 2018 na kwa kweli magemu mengi yanapiga, lakini usijenge riziki yako juu ya Wine. Ukiwa mhasibu na kila mwisho wa mwezi lazima ufungue Tally, basi mashine hiyo iache na Windows, au weka mifumo miwili kwenye mashine moja, nitafika huko.

Excel nayo niiseme pembeni. Mtu wa bajeti ya nyumbani na orodha ya vikoba hatasikia tofauti kwenye LibreOffice, ila mtu mwenye faili la ofisini lenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) za miaka kumi alizorithi kwa bosi aliyeondoka, asithubutu kuhama kabla hajalifungua faili lile lenyewe na kulitikisa.

Mashine ina nini

RAM ndo inaamua nusu ya mambo. Ukiwa na 8 kwenda juu weka chochote roho inapenda. Ukiwa na 4, chukua toleo lenye mazingira mepesi (ule muonekano wa menyu na madirisha) ya Xfce, au Lubuntu yenye LXQt, na ujizuie usifungue tabo thelathini za Chrome, maana hapo sio mfumo tena unaokula, ni brauza. Ukiwa na 2, kuna antiX na Puppy Linux ambayo inakaa yote ndani ya RAM, itafungua, utaandika, utasikiliza muziki, ila Facebook ya leo itakunyanyasa tu. Mashine za zamani sana za biti 32 zinaishiwa sehemu, hata Debian kwenye toleo lake la 13 la Agosti 2025 wameacha kutoa instola ya biti 32, antiX bado wanazo.

Lakini kuna kitu kimoja kinashinda uchaguzi wowote wa distro, nacho ni diski. Kama laptopu yako bado ina diski ya kuzunguka (hard disk), ile ukiweka sikio unasikia inakuna, basi kabla hujabadilisha mfumo badilisha hiyo. SSD ndogo ya 120 au 240 inatosha. Nimeshaona watu wanasifia Linux imeifufua mashine kumbe aliyeifufua ni SSD iliyowekwa siku ileile.

Haya, uchukue ipi

Kuna swali la tatu watu hawaliulizi, ikigoma usiku wa manane nani atanisaidia? Majibu mengi utakayoyakuta mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya Ubuntu na ndugu zake, na fundi wa mtaani kwako kama anajua Linux basi aliyojifunzia ni hiyo. Ukoo wenyewe uko hivi: babu ni Debian ya mwaka 1993, akamzaa Ubuntu mwaka 2004, Ubuntu akamzaa Linux Mint na Zorin OS na Lubuntu na wengine kibao. Ukijua kumhudumia mmoja unawajua wote. Ubuntu yenyewe aliianzisha Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyekwenda anga za juu mwaka 2002, na jina maana yake hata Mswahili hahitaji kamusi, ubuntu ndo utu wetu huu. Wakongwe watakumbuka zile CD walizokuwa wanatuma bure kwa posta mpaka 2011.

Mimi kwa mtu anayetoka Windows naweka Linux Mint, naanzia hapo na mara nyingi naishia hapo. Ile yenye mazingira ya Cinnamon kama RAM ni 8 na kuendelea na prosesa sio mbovu, ile ya Xfce kama RAM ni 4 au mashine inahema. Menyu iko chini kushoto, saa chini kulia, folda zinafunguka pale ulipozoea, haikulazimishi apdeti katikati ya kazi, yaani mzee wa miaka sitini anaizoea ndani ya siku mbili. Ilianza 2006, na matoleo ya namba 22 yatapata apdeti mpaka 2029. Wenyewe wanasema RAM 2 na nafasi ya GB 20 inatosha kuinstoli, mi nasema 4 ndo ustaarabu.

Zorin OS ya Ireland ni nzuri kwa mtu anayependa vitu vya kung'aa, inafanana na Windows kwa makusudi, na jamaa wana akili, toleo la 18 walilitoa Oktoba 14, 2025, siku ileile Windows 10 inazikwa. Chukua ile ya Core ambayo ni bure, ile ya Pro ya kulipia haina kitu utakachokikosa. Ubuntu yenyewe chukua kama unasomea kompyuta au kazini wanatumia, matoleo yake ya LTS, yale ya kuhudumiwa muda mrefu, hutoka kila miaka miwili mwezi wa nne na yanapewa apdeti miaka mitano, ila muonekano wake ni wa tofauti, ule mstari wa programu uko kushoto, mtu wa Windows siku ya kwanza atauliza menyu iko wapi, halafu faili lake la kudanlodi ni kama GB 6 wakati Mint ni kama 3. Kwa bando zetu hiyo ni tofauti ya kweli.

Fedora ni safi sana na vitu vyake ni vipya, ila kila toleo linaishi kama miezi kumi na tatu tu halafu lazima uhamie lingine. Debian ni ya watu watulivu. Arch waachie vijana wanaopenda kuhangaika, na kama we ni mmoja wao usingekuwa unasoma hapa. Kuna FreeBSD nayo ambayo sio Linux kabisa, nzuri kwenye seva, kwa laptopu ya kuandikia ripoti utakuwa unajitafutia. Na kuna wale wa kuweka macOS kwenye HP, inawezekana, ila kila apdeti ni presha.

ChromeOS Flex ya Google niiongelee kidogo kwa sababu wanaiuliza. Inataka RAM 4 na diski ya GB 16, ni brauza tupu iliyovaa koti la mfumo, na kinyume na watu wanavyodhani haina Play Store, kwaiyo zile app za simu hazipo. Kwa mtoto wa shule au bibi wa kupiga simu za video, safi. Kwa mtu ambaye intaneti yake inakuja na kuondoka, hapana.

Ijaribu kabla hujaifunga ndoa

Uzuri wa hizi distro unaweza ukaziwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa kitu chochote kwenye diski yako. Ukizima unachomoa flashi, Windows yako iko palepale na mafaili yako palepale. Hii hatua watu wanairuka na ndo hatua yenyewe hasa ya kuchagua.

Tafuta flashi ya GB 8 au 16 isiyo na kitu cha maana maana itafutwa. Danlodi Ventoy, programu ya kuifanya flashi iweze kuwasha kompyuta, iinstoli kwenye hiyo flashi, halafu faili la ISO (lile lenye mfumo mzima) la Mint unalikopi humo kama unavyokopi nyimbo, basi. Ukitaka kulinganisha unakopi na la Zorin pembeni, ukiwasha itakuuliza uanze na ipi. ISO lishushe kwa torrent kama mtandao wako unakatika, likikatika linaendelea lilipoishia, na ukimaliza hakiki halijaharibika, kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili halafu SHA256, ule mlolongo wa herufi ulinganishe na ulioandikwa kwenye tovuti yao. Ukiona umetofautiana hata herufi moja usiendelee, shusha upya. Nusu ya watu wanaoniletea malalamiko kwamba Linux imestaki kwenye kuinstoli, faili lao lilikuwa limeharibika tangu kwenye kudanlodi.

Zima mashine, chomeka flashi, washa huku unabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia, HP ni F9, Dell na ThinkPad ni F12, Asus nyingi ni Esc. Ikikuletea ukurasa wa bluu unaolalamika kuhusu uhakiki, hiyo ni Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka, ingia BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine) uizime kwanza.

Ikishawaka usikimbilie kubadilisha picha ya ukutani. Fanya hivi. Unganisha WiFi. Kama mtandao hauonekani kabisa, kadi yako ni ya zile zinazotaka draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya pembeni, Broadcom wengi wako hivo, sasa hapo chukua simu yako ya Android uichomeke kwa waya wa USB, washa kushea intaneti kwa USB, Linux itaiona kama waya wa kawaida papo hapo bila kuuliza swali, na ukishainstoli utafungua Driver Manager ikutafutie hiyo draiva kwa kutumia intaneti ya simu. Cheza wimbo usikie spika, chomeka na earphone. Ongeza na punguza mwanga wa kioo kwa vile vitufe vya juu. Fungua kamera. Halafu funika laptopu, subiri dakika mbili, funua. Hapo nisikilize. Mashine ikilala na kuamka vizuri, ikarudi na WiFi yake, umepata. Ikiamka na kioo cheusi wakati feni inazunguka, hilo litakutesa kila siku ya maisha yako, bora ujaribu distro nyingine yenye kerneli (kiini cha Linux) mpya zaidi kuliko kujipa moyo.

Printa sasa. Iwashe, ichomeke, printi ukurasa mmoja kweli, usiridhike kwamba jina limetokea kwenye orodha, si unakumbuka yule mama. Za HP nyingi zinapiga zenyewe, za mtandao wa WiFi za miaka ya karibuni nazo hazina shida, zile laser ndogo za bei rahisi zenye lugha yao wenyewe ndo ugomvi. Kama kazi yako ni ya kuprinti na printa imegoma hapa, jibu umeshalipata na hujapoteza kitu zaidi ya bando.

Mwisho ingiza flashi yako ya mafaili, fungua yale yaliyokuwa kwenye karatasi, lile la ripoti, lile la Excel. Mpangilio ukisogea mara nyingi sio LibreOffice inakosea, ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft hazimo humo, kwaiyo zinawekwa Carlito na Caladea ambazo upana wa herufi zake umepimwa sawasawa na zile ili mistari isihame, hakikisha hizo mbili zipo. Na kitu cha kumtumia mtu, CV, barua, ankara, mtumie PDF.

Kuinstoli bila kulia

Kopi vitu vyako kwenye diski ya nje. Sio kesho, kabla. Picha za harusi na diseteshini vikiondoka hakuna fundi atakayekurudishia kwa uhakika.

Ukitaka kubaki na Windows pembeni, kwa ajili ya ile Tally au mashaka tu, basi ukiwa bado ndani ya Windows fanya mambo mawili. Kwanza zima ile Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme, kwa sababu ikiwa imewaka Windows haizimiki kabisa, inasinzia tu, na Linux ikikuta ile sehemu ya diski ya Windows iko kwenye usingizi itakufungulia mafaili kwa kusoma tu, kuandika hapana. Pili angalia kama BitLocker, ile ya kufunga diski kwa siri, imewaka, kama imewaka hifadhi ile namba ndefu ya kufungulia mahali nje ya mashine hiyo, la sivyo siku ikikuuliza utajuta. Nafasi achia kuanzia GB 50 kama zipo.

Chaji batri ijae na uwe na chaja kwenye ukuta, maana umeme wetu tunaujua, ukikatika katikati ya kugawa diski ni balaa. Instola ya Mint itakuuliza kama unataka kuweka pembeni ya Windows au kufuta yote, soma hapo mara mbili kabla ya kubonyeza. Weka tiki kwenye kile kisanduku cha kodeki, yaani vitu vya kuchezesha video na muziki. Saa za eneo ubofye Nairobi au Dar, yote ni mamoja. Kwa SSD kazi nzima inachukua kama dakika ishirini.

Ukiweka mifumo miwili kesho yake utakuta jambo la ajabu, ukirudi Windows saa imekosea kwa masaa matatu kamili. Mashine haijarogwa. Linux inaiandika saa ya ndani ya kompyuta kwa wakati wa dunia, Windows inaisoma kama wakati wa hapa nyumbani, na sisi tuko masaa matatu mbele. Fungua terminali (dirisha la amri) ya Linux uandike timedatectl set-local-rtc 1, kwisha.

Wiki ya kwanza fungua Timeshift uiambie itunze picha ya mfumo, ukiharibu kitu unarudi jana. Programu usizitafute kwenye tovuti za ajabu kama ulivyozoea, ziko ndani ya Software Manager, na pale kwenye kuchagua kati ya ya mfumo wenyewe na ya Flathub (ghala la nje la programu za Linux), mwenye bando dogo achukue ya mfumo, kwa sababu ile ya Flathub mara ya kwanza inashuka na mizigo yake ya mamia ya MB hata kwa programu ndogo kama kikokotoo.

Jipe wiki mbili bila kubadilisha distro. Ukihama kila siku tatu hujui tatizo ni mfumo au ni mkono wako haujazoea.

Na ukiona imekushinda, kurudi kupo. Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows 8 au 10, funguo ya leseni imeandikwa ndani ya BIOS yake, hata ukifuta diski yote haiondoki, ukiinstoli tena toleo lilelile inajiwasha yenyewe ikipata intaneti. Kuiona ukiwa ndani ya Linux andika sudo strings /sys/firmware/acpi/tables/MSDM, zile herufi za makundi matano matano zitakazotokea mwishoni ndo zenyewe, ziandike nyuma ya ile karatasi ya kazi zako. Ikisema faili hilo halipo, mashine yako ilikuja kabla ya huo mtindo, au ilikuja haina Windows ya kulipiwa tangu siku ulipoinunua.